Boriti iliyonepa kilomita 62: uchambuzi wa kisa kimoja cha aljebra ya kompyuta

Kisa hiki kilikikuta kikundi cha watu wanne waliokuwa wakitengeneza programu ya kukokotoa mnepo wa boriti, yaani boriti inashuka kiasi gani inapobebeshwa mzigo. Majina, mahali na mteja nimeviondoa. Namba za mfano nimezichagua mwenyewe ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Hitilafu zenyewe sikuzigusa, na mojawapo, kama mtakavyoona, ni yangu.

Usuli

Mhandisi wa kikundi alitaka kitu kimoja: aandike kanuni kama anavyoiandika daftarini, programu iisome, itafute mteremko, itafute mahali mnepo unapofikia kilele, kisha itoe jedwali na grafu. Alitaka pia kuiona kanuni ya jibu, si namba peke yake, maana mkaguzi huuliza namba imetoka wapi. Ndiyo sababu hawakutumia hesabu za namba tupu. Walichagua lugha ya Python pamoja na SymPy, maktaba ya aljebra inayoshughulika na herufi kama sisi tulivyofundishwa shuleni: x inabaki x mpaka utakapoipa thamani.

Kanuni ya kwanza ilikuwa ya boriti iliyoegemea ncha zote mbili, mzigo umesambaa sawasawa juu yake:

`w*x*(L**3 - 2*L*x**2 + x**3)/(24*E*I)`

Hapa w ni mzigo kwa kila mita, L urefu wa boriti, x umbali kutoka ncha ya kushoto, E kipimo cha ugumu wa chuma, na I kipimo kinachotokana na umbo la mkato wa boriti. Katikati kabisa kanuni hiyo hutoa 5wL⁴/384EI, ambayo kila mhandisi wa majengo anaijua kwa moyo. Tukiweka w = 10,000 N kwa mita, L = mita 6, E = 200 GPa na I = 8×10⁻⁵ m⁴, mnepo ni mita 0.0105. Milimita kumi na nusu. Ikumbukeni namba hiyo.

Kilichotokea

Mwandishi wa msimbo, kijana mwenye kasi, alisoma maandishi ya kanuni kwa `sympify`, akaweka thamani kwa `subs`, kisha akageuza jibu kuwa namba ya kawaida kwa `float`. Python ikakataa: haiwezi kugeuza namba changamano, yaani namba yenye kipeuo cha pili cha hasi moja ndani yake, kuwa desimali. Akashangaa, namba changamano imetoka wapi kwenye boriti? Lakini siku ya kuonyesha kazi ilikuwa imekaribia. Akafunika jibu kwa `abs`, ambayo hubakiza ukubwa wa namba tu, malalamiko yakakoma, grafu ikachorwa.

Tena ilichorwa vizuri. Mkunjo laini, sifuri kwenye ncha zote mbili, kilele katikati. Kikundi kizima kiliitazama grafu ile na kuridhika, na siku ya maonyesho ikapita salama.

Siku tatu baadaye mhandisi akapiga simu. Alikuwa amesoma namba zilizoandikwa kwenye mhimili wa wima.

"Jamani, hii boriti imenepa kilomita sitini na mbili?"

Hapo ndipo nilipoitwa. Nilimwomba kijana aondoe `abs` na kuchapa jibu kama lilivyo. Likatoka −62079.66 likizidishwa na kipeuo cha pili cha hasi moja. Nikamwambia achape kanuni yenyewe mara baada ya kusomwa, kabla ya thamani yoyote kuwekwa. Kwenye SymPy, herufi kubwa E ni ile namba 2.71828 ya logi asilia, na herufi kubwa I ni kipeuo cha pili cha hasi moja. Mhandisi ameandika ugumu wa chuma mara umbo la mkato. Maktaba imesoma namba mbili za hisabati ambazo tayari ina majina yake. Thamani za 200 GPa na 8×10⁻⁵ zilipokuja, `subs` ilitafuta alama zinazoitwa E na I, haikuziona, ikanyamaza. Haikutoa hata onyo. Hiyo ndiyo tabia yake: kisichokuwepo hakibadilishwi.

Fanyeni hesabu wenyewe: 5 × 10,000 × 6⁴ gawanya kwa 384 ni 168,750. Gawanya kwa 2.71828 unapata 62,079.66. Ile `abs` ilitupa alama ya hasi pamoja na kile kipeuo cha hasi moja, ikabakiza mita 62,080. Grafu ilikuwa na umbo sahihi kwa sababu E na I ni vigawanyo tu, havibadilishi umbo la mkunjo, hubadilisha kimo chake. Na kwa kuwa mhimili wa wima hujipimia wenyewe, kila mnepo hujaza ukurasa, uwe wa milimita au wa kilomita.

Uamuzi wa kwanza, na kosa langu

Tiba ya E na I ni rahisi: unapoisomesha maktaba maandishi, unaipa kamusi yako inayosema E hii ni alama, I hii ni alama, na kamusi hiyo hutangulia majina ya maktaba. Nikashauri hivyo. Kisha nikaongeza ushauri wa pili ambao hakuna aliyeniomba: alama zote zitangazwe kuwa chanya, `positive=True`.

Sababu niliyokuwa nayo ilikuwa nzuri. SymPy haiwezi kukubali kwamba kipeuo cha pili cha L² ni L, kwa sababu L inaweza kuwa hasi, hata changamano. Iko sahihi. Lakini boriti haina urefu hasi, na ukiiambia maktaba hivyo, majibu yanakuwa mafupi na kusomeka. Nililopaswa kulifanya kwanza, na sikulifanya, ni kuuliza: alama hizi zinaundwa wapi kwingine?

Zilikuwa zinaundwa sehemu tatu. Moduli ya kusoma kanuni, yaani faili la msimbo linalofanya kazi hiyo, sasa ilikuwa na L chanya. Moduli ya jedwali ilikuwa na L yake, isiyo na sifa yoyote. Moduli ya mteremko ilikuwa na x yake. Kwa macho ni herufi zilezile. Kwa SymPy, alama ni jina pamoja na sifa zake. L chanya na L isiyo na sifa ni watu wawili wenye jina moja.

Kesho yake jedwali likakataa kutoka: kanuni haigeuki kuwa namba, bado ina herufi ndani. Hiyo angalau ilipiga kelele. Moduli ya mteremko ilikuwa mbaya zaidi. Iliombwa itafute mteremko kwa kufuata x yake, na kwa kuwa x hiyo haimo kwenye kanuni, jibu lake la kihisabati ni sifuri. Sifuri kila mahali. Boriti ikawa imenyooka kama rula, na hakuna kosa lolote lililoandikwa kwenye skrini.

Tulilikamata kwa njia ambayo namwonyesha kila anayeanza. Toa alama moja kwenye nyingine, uone kama zinafutana:

`L_kusoma - L_jedwali`

Jibu lililochapwa halikuwa sifuri. Lilikuwa L na L, moja imetolewa kwenye nyingine, zimekaa pamoja bila kufutana. Kijana alicheka kwa sauti alipoiona. Ukitumia `srepr` badala ya kuchapa kawaida, unaona tofauti waziwazi: moja ina `positive=True` ndani, nyingine haina.

Tukahamisha alama zote kwenye faili moja, na moduli nyingine zote zikawa zinaazima kutoka humo. Hakuna moduli iliyoruhusiwa tena kuunda alama yake.

Kilele kilichopotea

Sasa programu ilitakiwa itafute mahali mnepo ni mkubwa kuliko kote. Njia ya kawaida: weka mteremko sawa na sifuri, tatua. Kwa kanuni yetu hilo linaleta 4x³ − 6Lx² + L³ = 0, ambayo ina mizizi mitatu: L/2, kisha L(1+√3)/2, kisha L(1−√3)/2. Wa kwanza ndio tunaoutaka. Wa pili uko mita 8.2 kwenye boriti ya mita 6, yaani hewani. Wa tatu uko upande wa kushoto wa ncha ya kushoto.

Msimbo ulikuwa unachukua jibu la kwanza kwenye orodha. Hapa nitasimama kidogo, maana kosa hili nimeliona kwa watu wazima wenye shahada zao. `solve` hurudisha orodha ya mizizi ya mlinganyo, na mlinganyo haujui kuwa kuna boriti. Mpangilio wa orodha hauna maana yoyote ya kiuhandisi. Kuchukua `[0]` ni kubahatisha. Kwa sababu tulikuwa tumetangaza x kuwa chanya, mzizi hasi ulichujwa wenyewe, nikajipongeza. Lakini ule wa mita 8.2 ni chanya na ukabaki.

Kujipongeza huko hakukudumu. Boriti iliyofuata ilishikiliwa upande mmoja tu, ncha ya pili iko huru. Mteremko wake ni w·x(3L² − 3Lx + x²)/6EI. Kwenye mabano hakuna mzizi halisi, kwa hiyo mahali pekee mteremko unapokuwa sifuri ni x = 0, pale boriti inapoingia ukutani. `solve` ikarudisha orodha tupu. Kwa nini? Kwa sababu nilisema x ni chanya, na sifuri si chanya. Maktaba ilitii neno langu kwa ukamilifu. Sifa niliyopaswa kuitumia kwa x ni `nonnegative=True`, isiyo hasi.

Na hata baada ya kurekebisha hilo, jibu lilikuwa baya kuliko orodha tupu: programu ilisema mnepo mkubwa uko x = 0, ambako mnepo ni sifuri. Kilele cha boriti ya aina hiyo kiko kwenye ncha huru, x = L, ambako mteremko si sifuri hata kidogo. Hili si kosa la SymPy wala la Python. Ni somo la hisabati la sekondari: kilele ndani ya eneo lenye mipaka kinaweza kukaa mpakani. Tulikuwa tumeisahau kanuni hiyo kwa sababu mashine ilikuwa inatufanyia kazi nyingine zote.

Msimbo wa mwisho unafanya hivi: unakusanya mizizi iliyomo kati ya 0 na L, unaongeza ncha mbili zenyewe, unakokotoa mnepo kwenye kila sehemu, unachukua mkubwa. Mistari michache sana.

Majaribio yaliyodanganya

Baada ya hapo tuliandika majaribio, na majaribio yakaanza kushindwa ilhali majibu yalikuwa sahihi. Mfano mdogo unatosha: `(x+1)**2 == x**2 + 2*x + 1` kwenye SymPy hutoa uongo, `False`. Alama `==` inauliza kama maandishi mawili yamejengwa sawa, haiulizi kama yana thamani sawa. Kwa boriti yenye mzigo wa pembetatu, kilele kiko L mara kipeuo cha pili cha (1 − 2√30/15), karibu 0.519L, na jibu hilo linaweza kuandikwa pia kama L/15 mara kipeuo cha pili cha (225 − 30√30). Ni namba ileile. Tulibadilisha majaribio yawe yanatoa jibu moja kwenye jingine na kurahisisha, au yanatumia `equals`.

Desimali nazo zilileta zogo lao. Mhandisi akiandika 5/384 ndani ya maandishi ya kanuni, `sympify` huihifadhi kama sehemu kamili, tano juu ya mia tatu themanini na nne. Kijana akiandika 5/384 ndani ya msimbo wa Python, Python huigawa kwanza kabla SymPy haijaiona, na kinachofika ni 0.013020833 na mkia wake. Mstari uleule, milango miwili, vitu viwili. Na ukiandika `Rational(0.1)` bila alama za nukuu unapata 3602879701896397 juu ya 36028797018963968, kwa sababu ndivyo kompyuta inavyoihifadhi sifuri nukta moja kwenye mfumo wa jozi, ukiandika `Rational('0.1')` unapata moja juu ya kumi.

Kasi na usalama

Jedwali la boriti nyingi lilikuwa linachukua dakika kadhaa kwa sababu msimbo ulikuwa unaita `subs` kwa kila nukta ya kila boriti. Tukageuza kanuni kuwa fanksheni ya NumPy, maktaba ya hesabu za namba tupu, kwa `lambdify` mara moja, kisha namba zote zikapita kwa pamoja. Tatizo likaisha. Sina la kuongeza.

Usalama ni jambo jingine. `sympify` ikipewa maandishi hutumia `eval` ndani yake, yaani inaweza kutekeleza msimbo wa Python uliofichwa kwenye kile kinachoonekana kama kanuni. Maadamu anayeandika ni mhandisi wa kikundi, si neno. Mtu mmoja alipopendekeza kuiweka programu mtandaoni ili yeyote aandike kanuni yake, nilikataa, na kikundi kikakubali kwamba watumiaji wa nje watachagua kanuni kutoka orodha iliyoandaliwa.

Matokeo

Boriti ya mita 6 ilirudi kwenye milimita zake 10.5. Aina nne za mizigo zilikaguliwa kwa mkono na mhandisi, zikalingana. Programu inatumika.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichoshindikana kwa kishindo ni ile `abs`. Simlaumu kijana kwa kutojua kwamba I ina mwenyewe. Hilo hulijua aliyekwisha kuumia. Ninachokiona kizito ni kwamba ujumbe wa kwanza wa Python ulikuwa na taarifa yote tuliyoihitaji: umepata namba changamano mahali ambapo haiwezekani kuwepo. Kuifunika ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Tangu hapo kikundi kina kanuni kwamba `abs`, `re` na `round` haziwekwi kwenye msimbo bila mstari wa maelezo unaosema zinazuia nini, na mtu wa pili anausoma.

Kilichofaa kuliko vyote ni ukaguzi mdogo tuliouweka baada ya kanuni kusomwa: `free_symbols` huorodhesha alama zilizomo, tunazilinganisha na zile tulizotarajia. Zikipungua au zikizidi, programu inasimama hapohapo. Siku ya kwanza ukaguzi huo ungeonyesha w, L na x, bila E na bila I, na kisa hiki kisingekuwepo. Ungezuia pia zile L mbili. Nikilinganisha na saa tulizotumia kufukuza hitilafu, naona aibu kidogo kwamba hatukuanza nao.

Ushauri wangu wa `positive=True` nauweka katikati. Majibu yalisomeka vizuri zaidi, hilo ni kweli, na mteja aliyapenda. Lakini niliuingiza kwenye msimbo ambao sikuwa nimeusoma wote, na ukazaa hitilafu mbili mpya. Leo ningeanza na faili moja la alama, ningesubiri majaribio yapite, ndipo nianze kutangaza sifa, moja baada ya nyingine, nikijiuliza kwa kila herufi kama sifuri inaruhusiwa.

Kutegemea grafu kama uthibitisho kulishindikana, na sababu yake nimeshaieleza. Mhandisi ndiye aliyetuokoa kwa sababu alisoma namba za pembeni. Sasa kila grafu inaandika mnepo mkubwa kwa milimita juu yake, kwa herufi nene, na programu inakataa kuchora ikiwa mnepo unazidi urefu wa boriti yenyewe.

Kuna jambo moja halijakwisha. Wahandisi hutumia herufi za Kigiriki, na majina ya Kigiriki yana wenyewe pia: `gamma`, `beta` na `zeta` ni fanksheni za SymPy, na kamusi yetu imezikomboa. Lakini `lambda` ni neno la Python lenyewe, na hakuna kamusi inayolikomboa. Mhandisi bado analiandika kila mara anapofika kwenye wembamba wa nguzo, na programu inamjibu kwa sentensi aliyoitunga kijana: "Andika lamda, bila b."